Shemeji ni nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ushemeji na uwifi

Neno "shemeji" tunalitamka kutwa: sokoni, msibani, kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Lakini muulize mtu mume wa wifi yake anamwitaje, utamwona anaanza kuhesabu vidole. Majibu ya hapa yanafuata zaidi Kiswahili cha Tanzania na pwani. Pale Kenya au Kongo wanaposema vingine, nimetaja.

Shemeji ni nani hasa?

Kwa mwanaume, shemeji ni kaka au dada wa mke wake, mke wa kaka yake, na mume wa dada yake. Kwa mwanamke, shemeji ni kaka wa mume wake na mume wa dada yake. Dada wa mume na mke wa kaka hawamo kwenye orodha ya mwanamke, hao wana neno lao na tutalifikia.

Neno hili ni la kurudishiana. Ukiniita shemeji, nami nakuita shemeji, hata kama umenizidi miaka ishirini. Haliko kama mjomba na mpwa, ambapo kila upande una jina lake na ukubwa unaonekana kwenye jina lenyewe. Ndiyo maana kijana wa sekondari anaweza kumwita shemeji mzee mwenye mvi aliyemuoa dada yake wa kwanza, na asionekane hana adabu.

Na wifi anaingia wapi?

Wifi ni uhusiano wa mwanamke kwa mwanamke. Mke wa kaka yako ni wifi yako, na dada wa mume wako ni wifi yako. Kanuni ya kukumbuka ni hii: kama wote wawili ni wanawake na ndoa imepita kwa kaka wa mmoja wao, ni mawifi. Akiwepo mwanaume upande wowote, ni mashemeji. Kwa hiyo mwanaume hana wifi. Akisema "wifi yangu amefika", ama ana maana ya wifi wa mkewe, ama anatania, ama anazungumzia intaneti.

Tuchukue nyumba moja. Hamisi amemuoa Rehema. Hamisi ana dada, Zuhura, na mdogo wake wa kiume, Saidi. Rehema ana kaka, Bakari, na mdogo wake wa kike, Mwajuma. Rehema na Zuhura ni mawifi. Rehema na Saidi ni mashemeji. Hamisi na Bakari ni mashemeji, na Hamisi na Mwajuma vilevile. Harusi ikishaisha, Saidi na Bakari nao wataitana shemeji wakikutana stendi, maana ndoa moja imeunganisha nyumba mbili, na Zuhura na Mwajuma wataitana wifi.

Sasa Rehema akipata mtoto, mtoto huyo atawapanga wote upya. Saidi ni baba mdogo, Zuhura ni shangazi, Bakari ni mjomba, Mwajuma ni mama mdogo. Bakari na Mwajuma, ambao kwa Hamisi wote ni "shemeji" tu, kwa mtoto ni watu wawili tofauti kabisa, na wajibu wao haufanani. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote ukiingia kwenye familia usiyoijua: usiwaulize wakubwa nani ni nani, sikiliza watoto wanawaitaje. Shemeji anayeitwa mjomba ametoka upande wa mama. Anayeitwa baba mdogo au baba mkubwa kwa kawaida ametoka upande wa baba.

Kwa nini mawifi wana sifa mbaya kuliko mashemeji?

Kwa sababu wifi ndiye aliyekuwepo nyumbani kabla ya bibi harusi hajafika. Anajua kaka yake anakula nini, analala saa ngapi, na mama yao anataka ugali uweje. Mke mgeni anapoingia, mkaguzi wa kwanza ni yeye. Shemeji wa kiume anakula kwako, anashiba na kuaga, ila wifi atafunua sufuria.

Hata hivyo nadhani sifa hiyo imetiwa chumvi na taarabu na vichekesho vya mitandaoni. Mawifi wanaopendana hawaimbwi. Nyumba nyingi, dada wa mume ndiye anayelala hospitali na mzazi, ndiye anayejua siri za ndoa ya kaka yake na kuzinyamazia, na ndiye anayemwambia kaka yake ukweli ambao mke angeusema ungekuwa ugomvi.

Mume wa dada wa mke wangu ni shemeji?

Hapana, huyo ni mwanyumba. Wanaume wawili waliooa dada wawili ni wanyumba, na ni neno zuri ambalo linafifia. Mjini siku hizi watu husema "tumeoa nyumba moja", au wanaitana shemeji tu kwa kukosa neno, au "mshikaji". Wazee wa pwani bado watakusahihisha.

Wake wa ndugu wawili, yaani wanawake walioolewa na kaka na mdogo wake, hawana neno moja linalokubalika kote. Wengine huitana wifi kwa heshima ingawa si mawifi kwa hesabu. Wengine huitana mke mwenza kwa utani, ambao kwa mgeni unaweza kuleta mkanganyiko, maana mke mwenza hasa ni mwanamke mliyeolewa naye na mume mmoja. Walio wengi wanaepuka shida yote na kuitana kwa jina la mtoto: Mama Salma, Mama Juma.

Mume wa wifi yangu?

Kama wifi ni dada wa mume wako, mume wake ni shemeji wa mume wako, na wewe unamwita shemeji kwa kufuata mume. Hivyo tu. Kama wifi ni mke wa kaka yako, basi mume wake ni kaka yako mwenyewe, na swali limejijibu.

Binamu wa mke wangu nao ni mashemeji?

Ndiyo, wote. Mtoto wa mjomba wake, mtoto wa shangazi yake, mtoto wa mama mdogo, hata yule aliyelelewa pale nyumbani na hakuna anayekumbuka undugu ulianzia wapi. Kwetu ndugu hahesabiwi kwa tumbo moja, kwa hiyo na ushemeji haukomei hapo. Bwana harusi anayedhani ameoa nyumba yenye mashemeji watatu huwa anajua idadi kamili siku ya kwanza ya kwenda ukweni.

Niandike "shemeji yangu" au "shemeji wangu"?

Shemeji yangu, shemeji yako, shemeji yake. Wingi ni mashemeji zangu, zako, zake. Majina mengi ya undugu yanafuata njia hiyo: kaka yangu, wifi yangu, rafiki zangu. Lakini kitenzi na kivumishi vinabaki vya mtu: shemeji yangu mkubwa amefika, mashemeji zangu wawili wamefika. Usiseme "shemeji yangu imefika", hata kwa haraka.

Ukimtaja mwenye shemeji kwa jina, inageuka kuwa "wa": shemeji wa Hamisi, mashemeji wa Hamisi. Magazeti hupenda kufupisha: shemejiye, shemejio. Ni Kiswahili safi, ila kwenye mazungumzo kinasikika kama taarifa ya polisi. Na "shemeji langu" ni ya mapenzi na utani, kwa mtu mliyezoeana naye. Uhusiano wenyewe unaitwa ushemeji, na ule mwingine uwifi.

Nimesikia shemegi, shemeki, shem, shemela, mlamu. Ni neno moja?

Shemegi ni shemeji yuleyule, na kamusi za zamani zinaandika namna zote mbili. Shem ni ufupisho wa mjini, Nairobi na Dar es Salaam sawia. Shemela ni ya vijiwe vya Dar, usimwandikie mzee wa mkeo kwenye ujumbe wa simu. Ukivuka kwenda mashariki ya Kongo utakutana na shemeki, na Kilingala nacho kina semeki kwa maana hiyohiyo.

Mlamu ni habari nyingine. Ni neno la Kibantu lenyewe, na mwenzake ni mwamu. Kwenye Kiswahili cha leo yamebaki kwa washairi na wazee, lakini kwa majirani yako hai kabisa: Waganda wanasema mulamu, Wanyarwanda na Warundi muramu, Wachewa wa Malawi mlamu, na ukishuka mpaka kwa Wazulu kule Afrika Kusini utasikia umlamu. Kwa hiyo Mswahili aliyeoa Kampala au Kigali hana haja ya kujifunza neno jipya ukweni, alifufue tu la babu yake.

Marafiki wa mchumba wangu wananiita shemeji na hata posa haijaletwa. Niitike?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, hasa na wasichana.

Mjini, rafiki wa mwanaume ni ndugu yake kwa lugha. Anamwita "kaka", "mwanangu", "ndugu yangu". Kwa hiyo mwanamke wake ni shemeji kwa hesabu ileile ya nyumbani. Anapokuita hivyo anakwambia mambo mawili kwa pamoja: kwamba anakutambua kama mtu wa mwenzake, na kwamba yeye amejiondoa kwenye orodha ya wanaokutamani. Ndiyo sababu kijana aliyekuwa anakuita kwa jina akibadilika ghafla na kukuita shemeji, ujue mwenzake ameshaongea.

Kuitika si kukubali ndoa. Ila kama hutaki uhusiano huo uonekane rasmi, sema mapema na kwa upole: "Niite jina langu tu, kaka." Ukiitika miezi sita halafu ukakanusha, watakaoaibika ni wengi.

Pia upo ushemeji wa biashara. Tembea Kariakoo na mwanaume yeyote, awe mumeo, kaka yako au mfanyakazi mwenzako, na muuza viatu atamshika mkono yeye kwanza: "Kaka, mchukulie shemeji hii, namba yake ipo." Kwa sentensi moja amekuwa mdogo wake, wewe umekuwa mke wake, na bei imekuwa jambo la kifamilia. Mwanaume anayejibu "huyu ni dada yangu" hapati nafuu, maana muuzaji atageuka palepale: "Basi mimi ndiye shemeji yako." Hilo halimfungi mtu. Cheka, omba bei ipungue, endelea na safari.

Na "Shemeji, unatuachaje?" si swali la safari. Maana yake ni kwamba wanataka soda, au nauli, au vyote viwili.

Utani wa mashemeji unaishia wapi?

Jamii nyingi za Afrika Mashariki zinawapa mashemeji ruhusa ya kutaniana ambayo hawapewi mkwe na mkwe. Mbele ya mama mkwe mwanaume anapunguza sauti, anaangalia chini, kwingine hata hali naye chakula meza moja. Mzigo huo wa adabu unahitaji mahali pa kupumulia, na mahali hapo ni kwa shemeji. Mdogo wa mke anamwambia shemeji yake kwamba amenenepa kwa kula bure. Shemeji anamjibu kwamba mahari aliyotoa ilikuwa ya watu wawili, naye amedhulumiwa. Anamwita "mke mdogo", na yeye anamdai sare ya Iddi au ya Krismasi kama mke kweli.

Ukiangalia vizuri, utani huo una mipaka isiyoandikwa.

Kwanza, ni wa hadharani. Maneno yaleyale yakisemwa sebuleni mbele ya mke, shangazi na watoto ni kichekesho. Yakiandikwa kwenye simu saa tano usiku ni jambo jingine. Pili, ni wa maneno, mikono haimo. Tatu, unaangalia umri wa aliyekuunganisha. Familia nyingi zinatofautisha mdogo wa mke na dada yake mkubwa. Mdogo anataniwa, mkubwa anaheshimiwa karibu na mama mkwe, na anayemtania dada mkubwa kama anavyomtania mdogo atasikia ukimya mezani. Nne, anayetaniwa ana haki ya kusema imetosha, na akisema hivyo hakuna hoja ya "lakini ni shemeji yangu". Neno hili limetumika kufunika mambo ambayo si utani hata kidogo, ikiwa ni pamoja na kuwashikashika mabinti wadogo waliokuja kusaidia kulea mtoto kwa dada yao. Binti akilalamika, asikilizwe kwanza. Mila zitaelezwa baadaye.

"Shemeji ni mauti" ina maana gani?

Ni hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Uqba bin Amir, na imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Mtume aliwakataza wanaume kuingia kwa wanawake wakiwa peke yao. Mtu mmoja katika Ansari, wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, akauliza: na ndugu wa mume je? Akajibu kwamba huyo ni mauti.

Masheikh wanaifafanua kwa jambo ambalo mwenye nyumba yeyote analijua. Mwanaume mgeni akigonga mlango mume hayupo, majirani wote watachungulia. Shemeji akiingia, hakuna anayeinua kichwa. Hatari yake iko kwenye kuzoeleka kwake. Kwa sheria ya Kiislamu shemeji si maharimu, yaani ni mtu ambaye ndoa naye ingewezekana siku moja, kwa hiyo mke anajisitiri mbele yake na hakai naye faragha. Familia nyingi za Kiislamu za pwani zinaishi nyumba moja na mashemeji, na hapo ndipo hadithi hii inapohitajika kuliko mahali pengine: mlango wa chumba unabishwa, mtandio uko karibu, na shemeji wa kiume anakohoa kabla ya kuingia uani.

Hadithi haisemi shemeji achukiwe. Wapo wanaoitumia kumfukuza mdogo wa mume asiye na pa kwenda, na huko ni kuipotosha.

Mtu anaweza kumuoa shemeji yake?

Inategemea ni shemeji yupi, lini, na dini gani.

Katika Uislamu, sura ya An-Nisaa aya ya 23 inakataza kuwaoa dada wawili kwa wakati mmoja. Mke akifariki, au akiachwa na eda yake, yaani muda wa kusubiri kabla ya kuolewa tena, ikaisha, mwanaume anaweza kumuoa dada yake. Mwanamke aliyefiwa anakaa eda ya miezi minne na siku kumi, na baada ya hapo anaweza kuolewa na yeyote aliye halali kwake, akiwemo ndugu wa marehemu, kwa hiari yake. Aya ya 19 ya sura hiyohiyo inakataza waziwazi kuwarithi wanawake kwa nguvu.

Katika Biblia kuna pande mbili. Mambo ya Walawi sura ya 18 inakataza mke wa ndugu, na inakataza kumchukua dada wa mke wakati mke bado yu hai. Lakini Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inamwamuru ndugu wa marehemu asiyeacha mtoto wa kiume amuoe mjane, na akikataa, mjane anamvua kiatu mbele ya wazee na kumtemea mate usoni. Yohana Mbatizaji alitiwa gerezani kwa sababu ya ushemeji: alimwambia Herode kwamba si halali kuwa na Herodia, mke wa Filipo ndugu yake. Na karne nyingi baadaye, Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, aliyemuoa mwaka 1509 Catherine wa Aragon, mjane wa kaka yake Arthur, aliishika aya ya Walawi akitaka ndoa ifutwe. Papa alikataa, na Kanisa la Uingereza likajitenga na Roma. Huko Uingereza mwanaume hakuruhusiwa kumuoa dada wa marehemu mkewe mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1907. Anayesema mambo ya mashemeji ni ya Waafrika peke yetu hajasoma.

Kwa mila zetu, kurithi mjane kulikuwa namna ya kumlinda mama na watoto wasitoke kwenye ukoo na shamba. Kwa baadhi ya jamii ndugu alichukua jukumu bila kuchukua kitanda. Kwa nyingine mjane hakuulizwa. Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, uliwafanya wengi waitazame upya desturi hii, maana virusi vilihama na mjane kutoka kaka hadi mdogo, au kutoka kwa mrithi kuja kwa mjane.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haina utata hapa: mwanamke aliyefiwa na mumewe yuko huru kukaa anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanaume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Shemeji anayekuja na wazee wawili na kusema "umerithiwa" hana kitu mkononi.

Siku ya harusi mashemeji wana kazi gani?

Nyingi, na zote zina gharama. Pwani, wanawake wa upande wa bibi harusi wanafunga mlango na bwana harusi anatoa kifungua mlango kabla hajaingia. Anayesimama mlangoni akipandisha bei mara nyingi ni shemeji au wifi mtarajiwa wa mtu, na hapo ndipo bwana harusi anapopimwa kama ni bahili au ana kifua. Zipo pia zawadi za kilemba cha baba na mkaja wa mama, lakini hizo ni za wakwe na zinapangwa mapema. Cha mashemeji hakipangwi, kinadaiwa palepale.

Bara, kwenye sendofu, yaani sherehe ya kumuaga bibi harusi, mashemeji wa upande wa mume huingia kwa kucheza, wamevaa sare, na mshereheshaji atawaita mbele kupokea keki yao. Atakayekataa kucheza atakumbukwa.

Msibani ni kimya zaidi lakini uzito ni uleule. Shemeji ndiye mtu wa kutumwa: turubai limekodiwa wapi, sukari imebaki kiasi gani, nani anakwenda kuwapokea wageni wa basi la alfajiri. Wafiwa wenyewe wamekaa, yeye anatembea.

Shemeji amehamia kwetu na haonyeshi dalili ya kuondoka. Nani aseme naye?

Mwenye ndugu. Kama ni kaka wa mke, aseme mke. Kama ni mdogo wa mume, aseme mume. Maneno yaleyale yakitoka kwa ndugu yake yanabaki kuwa ushauri, yakitoka kwa shemeji yanageuka kufukuzwa, na yatafika kijijini kabla hajafika yeye. Hivyohivyo na mkopo: usimkopeshe wala kumdai shemeji kwa siri ya mwenzi wako. Deni la siri na shemeji likijulikana, watu hawataulizana ni shilingi ngapi, wataulizana kwa nini ilifichwa.

Ndoa ikivunjika, ushemeji unaisha?

Kwa karatasi, ndiyo. Kwa maisha, kama kuna mtoto, hapana. Kaka wa aliyekuwa mkeo bado ni mjomba wa mwanao, atakuja kwenye mahafali yake na atakaa kwenye kikao cha posa yake. Watu wengi wanaendelea kumwita shemeji na hakuna anayeona ajabu. Kama hapakuwa na mtoto, jina linapungua lenyewe, na kuitana kwa majina kunarudi bila tangazo. Ndoa iliyokatizwa na kifo haikati ushemeji hata kidogo. Mke wa marehemu kaka yako ni shemeji yako, au wifi yako, hata akiolewa kwingine.

Kwa nini mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards inaitwa ya mashemeji?

Hizi ni klabu mbili za soka za Kenya. AFC Leopards ilianzishwa mwaka 1964 na mizizi yake ni kwa Waluhya. Gor Mahia ilianzishwa mwaka 1968 na mizizi yake ni kwa Wajaluo. Jamii hizi mbili ni majirani magharibi mwa Kenya na zimeoana kwa vizazi. Mechi yao ikaitwa Dabi ya Mashemeji, na jina linafaa kweli: matusi ya jukwaani, kejeli za wiki nzima, halafu Jumapili jioni mtu anarudi nyumbani kwa mke ambaye kaka yake alikuwa upande wa pili wa uwanja. Wanasiasa nao wameligundua neno hili. Mgombea akifika wilaya ambayo hana asili nayo, atatafuta mke, mama au bibi aliyetoka huko, na kuanza: "Mimi ni shemeji yenu." Jibu la kawaida la umati ni kudai mahari iliyobaki.

Kwenye tangazo la msiba au kadi niandikeje?

Andika uhusiano kwa anayetajwa: "shemeji wa Bwana Hamisi", "wifi wa Bi Zuhura". Kama marehemu ni mwanamke na ana mashemeji na mawifi, tenganisha, usiwarundike wote kwenye "mashemeji", maana mawifi watasoma. Na kama huna hakika nani ni nani, "ndugu, jamaa na marafiki" haijawahi kumkosea mtu.